Kayongo kwenye samadi: shajara ya mradi, Januari hadi Juni

14 Januari

Msimamizi wangu ameniagiza niwe na madaftari mawili. La kwanza ni la maabara: kurasa zina nambari, unaandika kwa wino, ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, na daftari halivuki mlango. La pili ni hili. Humu natia yale ambayo tasnifu haina mahali pa kuyaweka. Tena ndugu zangu huniuliza kila Jumapili hiyo kazi ya utafiti ni kazi gani hasa. Wakitaka, wasome.

Swali la mradi si langu. Julai iliyopita nilikuwa nimeandikwa kwa miezi mitatu kuwahoji wakulima kwa tabuleti, nyumba kwa nyumba, kati ya Maseno na Luanda, magharibi mwa Kenya. Mama mmoja alinivumilia karibu saa nzima. Nilipofunga tabuleti akasema, "Mwalimu, yako yamekwisha. Mimi nina langu." Ananiita mwalimu kwa sababu nilimfundisha kitindamimba wake kemia. Akanipeleka nyuma ya zizi hadi pembe ya shamba ambako mahindi yalikuwa yamedumaa na majani yamepauka, na chini yake maua ya zambarau yamependeza kana kwamba mtu aliyapanda. "Kayongo haikuwa hapa. Ilikuja mwaka nilioleta mbolea ya ng'ombe. Si ng'ombe ndio wanaileta?"

Nilitafuta pahali pa kuliandika swali lake kwenye tabuleti. Hapakuwa na pahali.

16 Januari

Kwa wasiomjua adui: huku tunamwita kayongo, Tanzania wanasema kiduha, kwenye vitabu ni striga. Ni mmea unaonyonya mahindi, mtama na wimbi kupitia mizizi. Unapouona juu ya ardhi umeshachelewa, maana wiki kadhaa umekuwa ukila chini kwa chini. Mmea mmoja waweza kuangusha mbegu 50,000 na zaidi, kila moja na urefu wa kama sehemu 0.3 ya milimita. Ukizimwaga kiganjani utadhani ni ugoro. Zinaweza kulala ardhini miaka kumi na zaidi zikingoja.

Zinangoja nini, hiyo ndiyo hadithi iliyonitoa darasani. Mzizi wa mhindi ukikosa fosfati ya kutosha hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1966 kutoka mizizi ya pamba, na pamba yenyewe kayongo haiili. Kwa miaka mingi watu walijiuliza kwa nini mmea umwite mwizi wake. Jibu lilianza kuonekana mwaka 2005: mmea hauiti kayongo, unaita kuvu wa udongoni wanaousaidia kuvuta fosfati. Kayongo amejifunza kusikiliza simu isiyo yake. Mwaka 2008 ikajulikana kwamba kemikali hizo hizo ni homoni za mmea, zinazoamua matawi mangapi yatoke. Nilisoma haya nikiwa mwalimu wa BOM, yaani wa kuajiriwa na bodi ya shule, jioni, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na nikasahau kusahihisha mitihani ya kidato cha pili.

19 Januari

Saa mbili na msimamizi, na swali la mama limekatwakatwa hadi nikalihurumia. "Ng'ombe wanaleta kayongo?" ni maswali sita, akasema. Je, ng'ombe anakula mmea wenye mbegu? Mbegu inapita tumboni ikiwa hai? Inaishi kwenye lundo la samadi muda gani? Inafika shambani na samadi? Ikifika inaota? Na ikiota, itaonekana kwenye ardhi ambayo tayari ina mbegu zake? Chagua moja unayoweza kuijibu kwa miezi sita bila pesa.

Nimechagua la tatu, lundo. Mbegu za magugu mengi hupita tumbo la ng'ombe salama, hilo si geni. Tena kayongo iliyong'olewa mara nyingi hutupwa zizini moja kwa moja, kwa hiyo tumbo si lazima. Lundo ndipo mkulima anaweza kufanya kitu: kuliacha kavu kama ilivyo desturi, au kulinyunyizia maji na kuligeuza hadi lipate moto na kuwa mboji.

Malundo mawili, basi. Mifuko 24 midogo yenye mbegu: minane lundo kavu, minane lundo la kugeuzwa, minane kwenye kopo juu ya rafu ya maabara. Wiki sita. Kisha tuone ngapi zitaota.

24 Januari

Mifuko imenishinda siku nne. Inatakiwa ipitishe maji na joto lakini isipitishe mbegu. Nilinunua kitambaa cha oganza soko la Kibuye, nikashona mifuko mitatu kwa mkono, nikatia mbegu, nikatikisa juu ya karatasi nyeupe. Karatasi ikawa na ungaunga wa kahawia. Chandarua nilikiacha hata bila kukijaribu. Mkaguzi wa vifaa vya maabara, mzee ambaye wanafunzi wote tunamwita Japuonj, mwalimu kwa Kijaluo, ingawa hafundishi darasa lolote, aliniangalia nikishona akauliza, "Umewahi kuwauliza wanaochapa fulana?"

Wachapaji fulana hunyoosha kitambaa cha nailoni kwenye fremu, na rangi hupita kwenye matundu yake. Nilikwenda karakana moja Kondele. Kijana akanitolea vipande vilivyochanika vya daraja tofauti, nikavipeleka chini ya hadubini. Cha tatu kilikuwa na matundu yasiyofika sehemu 0.1 ya milimita. Alinipa kipande cha nusu mita bure, akaniomba tu nimwambie matokeo. Nimemwandika kwenye orodha ya shukrani kabla ya mtu mwingine yeyote.

3 Februari

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kimetoka. Barua ya kamati ya maadili nilishapata. Sina zaidi la kusema kuhusu fomu isipokuwa kwamba zina siku zake na siku hizo hazifupishwi kwa kulalamika.

11 Februari

Mifuko imeingia. Mama na mwanawe walikuwa wamesharundika samadi tayari, kila lundo la kimo cha kiuno. La kwanza tukaliacha. La pili tukalichanganya na majani mabichi ya tithonia yaliyofyekwa kando ya barabara, tukatia maji debe tisa, tukalifunika kwa majani ya migomba. Mifuko mitano katikati, mitatu pembeni karibu na uso wa lundo. Kila mfuko una uzi wa nailoni na kibao chenye namba.

Tulipatana sharti moja: samadi hii haiendi popote hadi nihesabu mifuko yote. Ninapeleka mbegu za adui kwenye boma la mtu, haikubaliki nikaacha hata mfuko mmoja.

26 Februari

Nimeweka kipimajoto kirefu mara kumi sasa. Siku ya nne katikati ya lundo lililolowanishwa palifika nyuzijoto 61. Nilichomoa mkono haraka. Pembeni, umbali wa shubiri kutoka usoni, 38. Lundo kavu halijapita 31, sawa na mchana wa kawaida. Tunaligeuza kila Jumanne: natoa mifuko, wanageuza, nairudisha kila mmoja pale pale.

Nauli ya kwenda na kurudi inanila. Ule mkataba wa kuhoji wakulima ulikwisha Septemba na malipo ya mwezi wa mwisho hayajaja mpaka leo. Ofisi hiyo siitaji, bado nayangoja. Nafundisha ziada Jumamosi. Mjomba amenikumbusha kwamba ningebaki shuleni labda ningekuwa nimeshaajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu. Nikamtajia Thomas Odhiambo, mtoto wa nchi hii aliyesomea wadudu hadi Cambridge akarudi kuanzisha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, mwaka 1970, kituo chao cha Mbita hadi leo kina jina lake. Mjomba akanyamaza kidogo. "Huyo alikuwa mmoja," akasema. Sikuwa na jibu. Lakini ukivuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita utakuta mashamba ya vuta-sukuma, desmodiamu, jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi ikiziamsha mbegu za kayongo ili zife njaa, na waliofika hapo hawakuwa mmoja. Kuna waliohesabu. Siku zote kuna waliohesabu, majina yao hayawi majina ya vituo.

25 Machi

Mifuko imetoka. Ishirini na tatu, pamoja na ile ya rafuni. Nilivuta uzi wa namba 14 kutoka lundo kavu ukaja mtupu, umetafunwa. Panya, au kuku. Tulichakura lundo lote kwa uma, kisha kwa vidole, hadi giza. Hakuna.

Nilimwomba mama msamaha kana kwamba nimevunja chungu cha urithi. Mle ndani mlikuwa na mbegu kama 300. Alicheka mpaka akaketi. "Mwalimu, hapa kwangu mia tatu ni nini?"

28 Machi

Mbegu zimeoshwa kwa dawa ya madoa ya Jik iliyopunguzwa hadi asilimia 1, zikasuuzwa mara tano, zikatandazwa juu ya viduara vidogo vya karatasi ya nyuzi za kioo, kama 50 kila kiduara. Sahani zimefungwa kwa foili, inkubeta nyuzi 28, giza, siku 12. Hatua hii haiepukiki: mbegu ya kayongo ambayo haijakaa kwenye unyevu na joto kwa muda haitasikia chochote hata uipigie kelele.

Japuonj ameniamuru nibakize nusu ya mbegu za kila mfuko, kavu, kwenye kijitubu. Nilimuuliza za nini. Hakunijibu, alinyoosha mkono tu nimpe kalamu ya kuandikia vijitubu.

9 Aprili

Leo nimetia GR24. Ni strigolaktoni ya kutengenezwa, inayotumiwa duniani kote kuamsha striga maabarani. Miligramu moja ndani ya mililita 3.35 za asetoni, halafu kuipunguza kwa maji hadi miligramu 0.1 kwa lita. Sahani nyingine zinapata maji matupu. Bila mwito, mbegu hazina sababu ya kuota, kwa hiyo sahani za maji lazima zibaki kimya. Hizo ndizo zinazonilinda dhidi ya kujidanganya.

Muhtasari wa kongamano la wanafunzi unatakiwa tarehe 12. Nimeshauandika. Sentensi ya mwisho inasema lundo lenye moto huua mbegu za kayongo. Nimeacha nafasi ya asilimia tu.

11 Aprili

Nilianza kuhesabu saa mbili asubuhi. Mbegu iliyoota huonekana chini ya hadubini kama punje ya kahawia iliyotoa uzi mweupe, mfupi, wenye kung'aa kidogo. Ukishaona wa kwanza, jicho linajifunza. Mbegu za rafuni na GR24: nyuzi tele. Lundo kavu: tele. Katikati ya lundo la moto: hakuna, hakuna, hakuna. Nilikuwa naimba.

Nikafungua sahani za maji. Ya 1 kimya. Ya 2 hadi ya 5 kimya. Ya 6: nyuzi 11. Nikadhani nimekosea sahani, nikageuza nikasoma maandishi ya kalamu. M6, maji. Ya 7: nyuzi 17. Ya 8: nyuzi 9.

Nilikaa nikaitazama ile ya 7 muda mrefu. Uzi mmoja ulikuwa umejikunja kama herufi ya S. Umeota vizuri kabisa, mahali ambapo hapana mtu aliyeuita.

Baadaye, usiku. Naandika yote, maana nimeahidi. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba tano kati ya nane zimefanya kazi. Wazo la pili: naweza kuandika kwamba sahani tatu ziliota ukungu nikazitoa. Ukungu huwa unaota kweli, hakuna ambaye angeuliza. Nilimwambia Japuonj kuhusu zile tatu, la ukungu nikalibana. Alikuwa anaosha chupa. "Ukizitupa hizo," akasema bila kugeuka, "tupa na nyingine zote. Mkono ulikuwa mmoja."

12 Aprili

Sikutuma muhtasari. Ilipofika saa sita usiku mlango ukafungwa nao.

Ilinigharimu, sisemi haikunigharimu. Maombi ya ufadhili wa uzamivu yanauliza umewasilisha wapi kazi yako, na kisanduku hicho sasa kitabaki kitupu.

15 Aprili

Nimempata mchawi. Daftari la maabara ndilo lililomtaja. Tarehe 9 nilikuwa nimeandika, bila kujua kwamba itafaa, saa ya kila hatua. Sahani za maji 1 hadi 5: asubuhi, kabla ya kugusa GR24. Kisha nikaishiwa na maji yaliyotoneshwa, nikaenda kuomba jengo la pili. Niliporudi nikaendelea na sahani za GR24 kwanza, nikimalizia maji 6, 7 na 8 alasiri. Kwa kibano kile kile. Nilikipangusa kwa tishu, naikumbuka ile tishu.

Strigolaktoni huamsha kayongo kwa viwango vidogo mno. Ukilipunguza lile jimaji langu mara elfu, bado laweza kuziamsha baadhi. Tone lililobaki kwenye meno ya kibano lilitosha.

Kudhani hakutoshi, kwa hiyo tarehe 13 nilichukua sahani ya akiba, mbegu zilizokwisha kuandaliwa ambazo sikuwa nimezipa chochote. Nikachovya kibano kwenye GR24, nikakipangusa kwa tishu vile vile, nikakisuuza kwenye matone machache ya maji, nikawapa mbegu maji hayo. Kando yake, mbegu zilizopewa maji ya kibano kilichooshwa kwa asetoni na kupitishwa kwenye moto. Leo: upande wa tishu zimeota 14 kati ya 47. Upande wa moto, sufuri kati ya 51.

Ajabu ni kwamba hili ndilo jaribio la kwanza maishani mwangu lililonijibu wazi, na lilihusu uzembe wangu mwenyewe.

17 Aprili

Nimemweleza msimamizi. Nilijiandaa kwa maneno makali. Alisoma kurasa nne za daftari polepole, akarudi nyuma, akasoma tena ukurasa wa kibano. Akauliza maswali mawili tu. Mbegu zimebaki? Zimebaki, nusu ya kila mfuko, na hapo ndipo nilipoelewa vijitubu vya Japuonj. La pili: "Hizo za katikati ya lundo ambazo hazikuota, zimekufa au zimelala?"

Sikuwa nimefikiria. Mbegu ya kayongo ikikaa sana kwenye unyevu bila mwenyeji hurudi usingizini. Wiki sita kwenye lundo lililolowa ni unyevu mwingi. Huenda sikuua hata moja, huenda nimezilaza tu, na mkulima akimwaga mboji hiyo shambani ziamke msimu unaofuata. Sentensi ya muhtasari wangu, ile ya kuua, ingekuwa uongo hata kama sahani za maji zingenyamaza zote.

Alipokuwa akitoka aliniambia barua yake ya kunipendekeza kwa uzamivu atataja ukurasa wa kibano kwa namba. Sijui kama hiyo ni sifa au onyo.

23 Aprili

Duru ya pili, siku ya sita ya kuandaa mbegu. Stima ilipotea jana saa kumi jioni ikarudi leo alfajiri. Inkubeta imeshuka hadi 23. Si janga, mbegu hazifi kwa hilo. Nimeongeza siku mbili kwa sahani zote sawasawa, nikaandika kwa nini.

3 Mei

Safari hii maji yalitangulia yote, siku yake, na kibano chake chenye utepe wa buluu. Sahani za maji nane: sufuri, zote. Nilizihesabu mara mbili, kisha Japuonj akazihesabu bila kuona namba.

Rafuni na GR24, asilimia 61 zimeota. Lundo kavu, mifuko saba, asilimia 44, maana yake wiki sita za samadi kavu zimezipunguzia nguvu kidogo tu. Lundo la moto, mifuko mitano ya katikati: hakuna. Mitatu ya pembeni: asilimia 9, 15 na 22.

Hiyo mitatu naipenda kuliko mingine yote. Niliiweka pembeni karibu kwa uvivu tu. Kumbe ndiyo yenye habari kwa mkulima: mboji iliyogeuzwa ovyo, ambayo ganda lake la nje halikupata zamu ya kuingia ndani, bado inabeba kayongo.

8 Mei

Zimekufa au zimelala. Jaribio la tetrazoliamu: mbegu hulowekwa kwenye dawa isiyo na rangi, na tishu iliyo hai huigeuza kuwa nyekundu. Siku tatu gizani, kisha unaondoa ganda na kutazama. Mbegu 200 kutoka katikati ya lundo. Nyingi mno zimebaki rangi ya chai ya maziwa, zimelegea, ukizigusa kwa sindano zinabonyea. Nne zina wekundu hafifu.

Nne. Nimezirudia kwenye mwanga wa dirishani. Huenda ni wekundu, huenda ni hamu ya jicho langu. Nimeziandika kama hai. Nne kati ya 200 ni kidogo ukizitaja mkutanoni, lakini kumbuka mmea mmoja unaangusha ngapi.

20 Mei

Maombi ya uzamivu yameondoka. Kisanduku cha kongamano kitupu. Kwenye sehemu ya "changamoto na jinsi ulivyoikabili" nimeeleza kibano kwa mistari minane. Rafiki yangu aliyesoma rasimu anasema nimejichoma kisu, hapo huandikwa ukosefu wa fedha. Labda. Jibu ni Septemba.

Wakati huohuo nimepata vibarua vya wiki mbili Kibos, nje kidogo ya Kisumu, ambako KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, hupima mahindi kwenye mashamba yaliyotiwa striga makusudi. Kazi ni kuhesabu machipukizi ya kayongo kwa kila mstari, jua la utosi. Nalipwa kwa siku. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

7 Juni

Nimepeleka matokeo kwa mwenye swali. Nilikuwa nimechora picha ya lundo lililokatwa katikati, moto ndani, pembe za buluu. Aliielewa kabla sijafungua mdomo. "Ni kama mkate. Ganda na ndani."

Kumbe naye alikuwa na jaribio lake. Aprili alipanda mistari miwili ya mboji ya moto na miwili ya samadi kavu, akachomeka vijiti vyenye vitambaa. Tukahesabu pamoja kayongo zilizochomoza. Mistari ya mboji: 38. Ya samadi kavu: 41. Moyo ulinishuka.

"Nilijua," akasema. "Ardhi hii imejaa. Utaongeza au utapunguza nini?" Ni swali la sita la msimamizi, lile la mwisho, na yeye alikuwa amelijibu kwa vitambaa vya leso. Nikamuuliza kama hivyo basi kazi yetu haikumfaa. Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeruka mstari wa hesabu. Hakuwa anaulizia shamba hili. Mwanawe amenunua kipande upande wa Yala, ardhi iliyokuwa malisho, haijawahi kuota kayongo hata moja, na wamekuwa wakibishana nyumba nzima kama wampelekee samadi ya hapa. Sasa itakwenda mboji tu, iliyogeuzwa mara sita, ganda limeondolewa likabaki huku.

Jioni tulikwenda kukiona hicho kipande, watatu kwenye pikipiki moja. Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Nilishuka nikaelekea kwenye mahindi, nina daftari mkononi, nataka kupima hatua za mstari wa kwanza.

"Mwalimu, ngoja."

Alikuwa amebeba mtungi wa lita tano na brashi ya kufulia. Akaviinamia viatu vyangu vya mpira, vilivyokuwa bado na tope la shamba lake mpaka kifundoni, akaninyooshea brashi. Nilisugua soli barabarani, kwenye kila mfereji wa mpira, huku yeye akinimwagia maji. Nilipodhani nimemaliza akasema niinue mguu, akatazama, akanirudishia brashi.